Aliye Nyuma ya Ndege

Maramba
14 Oktoba 1957

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute kifua kimetulia, maana ulipopanda basi vumbi lilikuwa jingi nasi tulikusikia ukikohoa mpaka basi likapotea kwenye kona. Sisi hatujambo. Mama anauliza kama chupa ya asali ilifika Tanga au uliimaliza njiani.

Tangu uondoke baada ya maulidi napanda darini kila asubuhi. Lenzi yako ndefu, pamoja na kamera yake, nimeilaza juu ya gunia la mahindi, mbele ya kile kidirisha kinachotazama bondeni, na chini yake nimeweka mto wa sufi kama ulivyonionyesha. Ni nzito, Mjomba. Nikiishika mikononi inatetemeka mpaka mlima mzima unatetemeka nayo. Ila ikitulia! Jana nilimwona mbega akimtoa mwanawe chawa sikioni, na mbega huyo yuko ng'ambo kabisa, kwa macho yangu ni doa jeupe tu. Nilisahau kubonyeza. Nilikaa nikitazama.

Baba anadhani ni darubini. Sikumdanganya. Alipanda siku moja kutazama magunia akauliza, "Darubini hiyo kakuachia Himyar?" Nami nikanyamaza. Unajua nilivyo. Hata shuleni Mwalimu Yudith alikuwa akiniambia, "Fakhria, sauti umeiacha bwenini? Kimbia ukaichukue." Sasa shule imekwisha, na hapa nyumbani hakuna anayeniuliza swali, basi nanyamaza kutwa. Sisemi kwa kulalamika. Darini ni kuzuri.

Na sasa habari yenyewe. Bondeni, katikati ya kwetu na kwa marehemu Mzee Hatibu, upo ule mvule mkubwa wenye tundu, na tundu lake liko sawasawa na dirisha langu. Kuna hondohondo wawili. Mke kaingia ndani, na mlango umezibwa kwa udongo mpaka umebaki ufa mwembamba kama wa kutia barua posta. Mume anamlisha kwa ufa huo. Mama anasema atakaa humo mpaka mtoto awe tayari kuruka, miezi mitatu au minne. Nikamwambia Mama, kumbe kama Bi Saleha, maana tangu Mzee Hatibu afariki naye kaingia eda, na kwao ni hapo ng'ambo ya mvule. Mama akasema nisifananishe watu na ndege. Lakini alitabasamu.

Nakuletea filamu ya kwanza kwa mkono wa dereva. Usinicheke sana.

Mpwa wako,
Fakhria


Usagara, Tanga
23 Oktoba 1957

Mpwa wangu Fakhria,

Marahaba, na marahaba tena. Kifua changu kinakohoa kwa mazoea tu, kimenizoea nami nimekizoea. Asali ilifika. Chupa ilifika pia, mwambie dada yangu asiwe na shaka.

Nimeosha filamu yako. Hii ndiyo hesabu ya wanyama uliopiga: tawi, tawi lingine, mkia wa mbega, kidole chako, ukungu, makalio ya mbega, mazuri sana, yametoka wazi kuliko vyote, halafu mawingu. Nimecheka, lakini nimecheka kwa furaha, maana filamu yangu ya kwanza haikuwa na hata makalio.

Sikiliza. Yule bwana wa mkonge aliyeniachia lenzi hii aliporudi kwao aliniambia kwamba anayetaka kupiga wanyama awe na vitu viwili, subira na mdomo uliofungwa. Mimi sina hata kimoja. Ndiyo maana nimekaa mjini napiga nyuso za maarusi na za watu wa pasi za kusafiria, na ndiyo maana nilipokuona siku ya maulidi umekaa nyuma ya mlango unawatazama wageni wote na hakuna anayekuona, nikasema lenzi imepata mwenyewe.

Sasa masomo. Usibonyeze huku unapumua. Vuta pumzi, toa nusu, shika, bonyeza kama unayemgusa mtoto aliyelala. Jua likipanda sana joto litacheza hewani na picha itakuwa kama iliyo majini, kwa hiyo fanya kazi asubuhi, au mvua ikishanyesha hewa ikaoshwa. Na mwanga ukiwa mkali, finya tundu la lenzi mpaka namba ya mwisho. Ukilifinya, kila kitu hutoka wazi, cha mbele na cha nyuma. Huhitaji kubahatisha.

Nataka hondohondo akimlisha mkewe. Sijapata kuiona picha hiyo popote. Ukiipata nitaikuza ukubwa wa mlango.

Jambo jingine. Wanawake wa Makorora hawaji studio kwangu ila waletwe na waume zao, na wakija wanakaa kama wanaong'olewa jino. Ningekuwa na msichana wa kubonyeza kamera, wangekuja kwa furaha. Lakini hilo ni la kuzungumza na baba yako, Shemeji Badr, na ninakusudia kulizungumza nikishapata ushahidi mkononi. Kwa hiyo piga.

Mjomba wako,
Himyar


Maramba
4 Novemba 1957

Mjomba mpenzi,

Shikamoo. Unaendeleaje, na dawa ya tangawizi unainywa? Mama kaniambia niulize kwa ukali, ila sijui kuandika kwa ukali.

Nimempata!

Nimekuwa nikimngoja tangu barua yako ije. Nimejifunza kwamba hondohondo hasemi hodi. Unasikia mbawa zake kwanza, kama mtu anayekung'uta mkeka, na ukizisikia ndipo uache kupumua. Huja na makuyu kooni, anayatapika moja moja mpaka ncha ya mdomo, kisha analiingiza ufani. Unauona mdomo wa mke ukitoka kulipokea. Wakati mwingine mke analikataa, analisukuma nje, linaanguka. Mume analitazama linavyoanguka. Halafu anamletea jingine, au Mjomba, wallahi, anashuka anaokota lile lile.

Juzi ilinyesha, kulipokucha hewa ilikuwa imeoshwa kama ulivyosema. Jua likatoka kali. Nikafinya tundu mpaka mwisho. Alikuja na tunda, mke akalikataa, akalirudisha, wakawa wanasukumana nalo pale ufani, nami nikabonyeza kama ninayemgusa mtoto aliyelala.

Nilishuka chini nikiwa nimejaa vumbi la mahindi, Mama akasema, "Una nini? Unacheka peke yako." Sikujua kwamba nacheka.

Hilo la msichana wa studio nimelisoma mara nyingi. Sijui, Mjomba. Ndege hakutazami. Mtu anakutazama.

Filamu hii hapa. Tafadhali ioshe wewe mwenyewe, usimpe mtu.

Mpwa wako,
Fakhria


Usagara, Tanga
17 Novemba 1957

Fakhria, Fakhria,

Sijambo! Tangawizi nakunywa! Mwambie Mama yako lolote atakalo!

Kaa chini kwanza. Nilipoiona ikijitokeza kwenye beseni la dawa nilipiga ukelele, jirani yangu fundi saa akaja na bisibisi akidhani nimevamiwa. Tunda liko katikati ya midomo miwili, na jicho la mume linaonekana, limekodoka, lina wasiwasi kama la bwana yeyote aliyeleta kitu nyumbani kikakataliwa. Kila unyoya unahesabika. Nyuma ya ndege kila kitu kiko wazi, migomba, ua wa makuti, hata yule mwanamke mdogo pembeni anayetazama juu anacheka, sijui ni mtu wa shamba la nani, kaipendeza picha kana kwamba ulimwita.

Nimeikuza. Si ukubwa wa mlango, karatasi sina, ila ni kubwa. Nimeitia kwenye fremu ya maarusi fulani ambao hawakurudi kuchukua picha yao, na nimeitundika dirishani mwa duka, inatazama barabara. Watu wanasimama. Jana mzee mmoja alisimama mpaka adhana ikamkuta. Wananiuliza, "Himyar, ulipanda mti gani?" Nami nasema, "Kazi ya mpwa wangu hiyo," nao wanacheka, wanadhani ni mzaha.

Wiki ijayo nitamwandikia Shemeji Badr lile jambo letu.

Nimejivuna mpaka vifungo vya kanzu vinanibana.

Mjomba wako,
Himyar


Maramba
25 Novemba 1957

Mjomba,

Shikamoo. Itoe dirishani. Tafadhali, ukipata barua hii, kabla hujamaliza kuisoma, itoe kwanza, halafu uje umalizie.

Yule si mtu wa shamba. Ni Bi Saleha.

Uweso, nduguye marehemu Mzee Hatibu, alikwenda Tanga kwa mambo yake akapita mbele ya duka lako. Alimwona shemejiye, mjane, aliye edani, kichwa wazi, nywele zimefumuliwa, anacheka, dirishani, barabarani, Usagara. Karudi hapa kama moto. Alikuja barazani kwetu akapiga kelele mbele ya Baba, nasi tukasikia yote kutoka ndani. Alisema, "Picha hupigwa mtu kasimama mbele ya kamera! Mimi nimepigwa, najua! Unaambiwa tulia, unaambiwa usipepese! Huyo Himyar aliingia uani kwa marehemu ndugu yangu, akamsimamisha mkewe, wakachekeshana, na kaburi halijakauka!" Baba akasema haiwezekani. Uweso akasema, "Basi nieleze wewe, picha ilijipiga?" Watu walikuona siku ya maulidi ukizunguka na kamera shingoni.

Sasa Uweso anasema Bi Saleha hawezi kuachwa peke yake. Ijumaa baada ya Ijumaa hii atamtoa nyumba ya mumewe ampeleke kwake Duga, akamalizie eda mbele ya macho ya wake zake wawili. Mama anasema akitoka nyumba ile hatairudia tena, maana Uweso anaitaka. Na Baba kasema wewe usikanyage tena kwetu.

Nilikuwa nyuma ya mlango, Mjomba. Nilikuwa na maneno yote kinywani. Sikusema.

Katika kile kitundu cha kutazamia sikumwona. Naapa. Nilimtazama ndege tu.

Fakhria


Usagara, Tanga
27 Novemba 1957

Mpwa wangu,

Nimeitoa. Niliitoa nikiwa nimefika neno la kumi la barua yako, kisha nikafunga duka nikakaa sakafuni.

Usilie. Kosa si lako, nami nitakuambia lilipo. Lenzi ya namna ile haimvuti ndege peke yake. Inamvuta na aliye nyuma yake, inawabana pamoja kama waliosimama bega kwa bega, hata kama kati yao kuna bonde zima. Mimi ninalijua hilo. Nilikufundisha kufinya tundu, nikakuambia kila kitu kitatoka wazi, nikadhani nimekufundisha jambo jema. Ningekuambia uliache tundu wazi, ndege angetoka safi na Bi Saleha angekuwa ukungu wa kijivu, salama uani kwake. Na nilimwona kwenye beseni, nikasema kaipendeza picha. Sikujiuliza ni mke wa nani.

Sasa nisikilize vizuri. Waache waseme ni mimi. Nitamwandikia Badr kwamba nilipiga kwa mbali, mimi, siku ile ya maulidi, bila kuingia ua wa mtu. Mimi ni mzee, nina duka langu na kikohozi changu, Maramba nitaikosa kwa mwaka mmoja au miwili, yatapita. Wewe ni msichana ndiyo kwanza umetoka shule. Likikugusa wewe litakufuata. Lenzi ifunge kwenye gunia, iweke chini ya mahindi, nyamaza. Kunyamaza unakujua.

Picha na negativu yake, yaani ule utepe wa filamu wenyewe, nimevitia kwenye bahasha. Sitavichoma mpaka uniambie.

Mjomba wako anayekupenda,
Himyar


Usagara, Tanga
14 Desemba 1957

Fakhria mwanangu,

Hujambo? Mama hajambo? Nimengoja barua wiki mbili na zaidi. Badr nilimwandikia, hakujibu. Ijumaa ile imepita. Nimemuuliza dereva wa basi habari za Maramba, kaniambia mvua ni nzuri. Nilitaka kumpiga.

Andika hata mstari mmoja. Hata salamu tupu.

Mjomba


Maramba
16 Desemba 1957

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Nisamehe kimya. Nilikuwa siwezi kuandika mpaka mambo yajulikane yamelala upande gani. Sasa yamelala. Tu wazima sote, na Mama anakusalimu kwa namna ya pekee, utaona kwa nini.

Barua yako niliisoma darini. Nilifunga lenzi kwenye gunia kama ulivyosema. Siku mbili nilinyamaza. Lakini tatizo, Mjomba, ni kwamba kunyamaza kwako na kwangu kusingemsaidia Bi Saleha. Hata ungesema ulipiga kwa mbali, nani angeamini? Uweso angesema, "Mbali wapi? Tazama meno yake yanavyoonekana!" Kwao picha ni kukaa kwenye kiti. Hakuna aliyewahi kutazama kwa lenzi ile ila mimi na wewe.

Alhamisi, siku moja kabla ya kuhamishwa, nikaifungua. Baada ya alasiri nikaichukua na kamera yake, nimeikumbatia kama mtoto, nikashuka bondeni, nikapita chini ya mvule, nikapanda ng'ambo. Sikumuaga mtu.

Uweso alikuwa kwenye baraza ya Bi Saleha, kama kila siku tangu mambo yaanze, kakaa kwenye kiti cha marehemu. Nikasimama mbele yake. Akanitazama. "Mtoto wa Badr? Mbona hata shikamoo hakuna? Na hilo bomba ni la nini?"

Nikasema, "Shikamoo. Picha nilipiga mimi."

Akasema, "Marahaba. Picha gani?"

"Ya hondohondo."

Akacheka. "Wewe? Ulisimama wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole dirisha letu la darini. Kutoka pale ni kama kisanduku cha kiberiti, Mjomba. Akalitazama, akanitazama, akasema, "Nenda nyumbani, mwanangu. Himyar kakutuma uje uyabebe, wala si vizuri kumtuma mtoto kusema uongo."

Nilitaka kurudi. Lakini ndani, nyuma ya pazia la mlango, nikasikia sauti ya Bi Saleha, "Mwache aseme! Tangu lini msichana huyu akasema neno? Mimi jirani yake sijui hata sauti yake. Leo kasema, mwache."

Basi nikaiweka lenzi juu ya ukuta wa baraza, nikaielekeza dirishani kwetu, maana nilijua pale kuna magunia tu. Nikavuta mpaka ikawa wazi. Nikamwambia Uweso, "Tazama hapa. Usiiguse."

Aliinama akatazama. Alikaa hivyo kidogo, kinywa wazi. Kisha akaruka nyuma kana kwamba imemuuma. "Astaghfirullah!" akasema. "Astaghfirullah!" akajifunika macho kwa kofia yake.

Nikatazama. Mjomba, Mama alikuwa dirishani. Alikuwa amepanda kunitafuta, kanga kaivua anaikung'uta vumbi la mahindi, nywele zote mgongoni, na kinywa chake kinatembea, ananiita au anaimba.

Kisha Bi Saleha nyuma ya pazia, taratibu kabisa: "Umeona nini, shemeji?"

Uweso akairudisha kofia kichwani.

"Nauliza tu. Kwani alikuita umtazame? Alikusimamishia? Mlichekeshana?"

"Saleha, basi."

"Na mumewe tumwambie kwamba uliingia uani kwake? Maana nani ataamini uliona kutoka hapa? Mimi mwenyewe ningekuwa sipo ningekataa."

Uweso akaketi tena kwenye kile kiti. Akachukua bakora yake, akaiweka, akaichukua tena. Akaniambia bila kunitazama, "Mwambie babako... hapana, usimwambie kitu. Nitamwambia mwenyewe kwamba picha ilipigwa kwa mbali na mtoto aliyekuwa akitazama ndege." Akaenda zake. Kesho yake Ijumaa ilikuja ikapita, na Bi Saleha hakuhama.

Akaniita ndani. Nilidhani sasa ndipo nitakaposikia yangu. Kakonda, kavaa kaniki, kakaa mkekani. Akanitazama mpaka nikainama. "Kumbe ndiye wewe! Naambiwa mwanamume kaingia uani, nami kutwa nzima nachunguza migomba namtafuta. Hata ndevu huna."

Nikamwomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakatoka mawili.

Bi Saleha akanionyesha mahali pa kukaa mkekani. Kisha akasema, "Unajua nilikuwa nacheka nini? Yule ndege kaleta tunda, mke kakataa. Kaleta lile lile. Marehemu alikuwa hivyo. Ataleta samaki, nitamwambia huyu kachina, ananuka, mtupe. Atatoka nje, atazunguka nyumba, atarudi na samaki yule yule kamfunga kwenye jani jingine. 'Huyu je?' Miaka yote hiyo, Fakhria, nami sikuwahi kumwambia kwamba nilikuwa namjua samaki." Akajifuta macho kwa mkono. "Tangu azikwe sikuwa nimecheka. Siku moja nikacheka, ikatundikwa Usagara."

Nilimshika mkono. Sijawahi kumshika mtu mkono kwa hiari yangu. Tulikaa hivyo mpaka magharibi ikakaribia.

Nimemuuliza Mama ilikuwaje akapanda darini saa ile, yeye ambaye magoti yanamuuma na panya anawaogopa. Kasema alikuwa ananitafuta. Nikamuuliza mbona hakunitafuta chini kwanza. Kasema nikaoshe vyombo. Hilo la dirishani Baba hajaambiwa, nawe usiliandike popote. Baba kaambiwa lililobaki. Hajasema neno kuhusu wewe, lakini jana aliuliza kama kikohozi chako kimepoa.

Tafadhali leta ile bahasha. Bi Saleha ndiye mwenye picha. Yeye ndiye aamue.

Mpwa wako,
Fakhria


Usagara, Tanga
28 Desemba 1957

Mpwa wangu,

Hii hapa bahasha, yote, picha na negativu. Sikubakisha nakala, naapa kwa duka langu. Pamoja nayo nimetia kiberiti, asihangaike kutafuta. Mwambie nimemwomba radhi, tena mwambie kwa sauti.

Kuhusu dada yangu na dirisha sitasema kitu. Ila tulipokuwa wadogo pale Pangani alikuwa akinishinda kila mchezo, na kila mara alisema ilikuwa bahati.

Barua yako nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo. Mahali pale uliposema, "Usiiguse," nimemsomea fundi saa pia.

Mjomba wako,
Himyar


Maramba
9 Februari 1958

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi wote hatujambo, na hapa leo kulikuwa na pilau, kwa hiyo nikikosea herufi ni shibe.

Hondohondo katoka. Aliuvunja udongo mwenyewe kwa mdomo, vipande vikaanguka chini, akatoa kichwa. Alikuwa mchafu, na manyoya ya mkia yamepinda, na alikaa tawini akipepesa macho kama asiyejua jua ni la nani. Mwanawe kamfuata. Nilipiga, tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, nyuma yao ni ukungu mtupu. Filamu hiyo hapo.

Na Bi Saleha kamaliza eda. Wanawake walikuja kumkogesha, akavaa kanga mpya, tukala. Uweso alileta mchele na hakuinua uso hata mara moja. Mama ndiye aliyempokea mchele huo, akasema, "Ahsante, umetuona." Nilikimbilia jikoni.

Bahasha yako nilimpelekea tangu mwezi uliopita, na kiberiti. Aliitazama ile picha muda mrefu sana. Nikamuuliza nimsaidie kuichoma. Akasema, "Iache hapo. Moto nitawasha mwenyewe."

Leo, wanawake walipokwisha kula, akaniambia, "Sasa nipige. Kwa haki, kwa ruhusa yangu, na kanga yangu kichwani. Miaka yangu yote sikukubali kukaa mbele ya mwanamume na kamera yake, sasa tunaye wetu." Mjomba, aibu iliyonipata! Lenzi yako haimtaki mtu wa karibu. Nikimtazama ni ukungu. Nikarudi nyuma, bado ukungu. Wanawake wakawa wanapiga vigelegele wanasema, "Rudi! Rudi bado!" Nikarudi mpaka nikaingia kwenye migomba, nikarudi mpaka nikateremka bondeni, na bado nilipata pua na jicho moja tu. Bi Saleha akapaza sauti kutoka juu, "Fakhria, ukifika Tanga utuandikie!"

Basi nimepiga hilo jicho na pua. Lakini nakuomba, Mjomba, uniletee ile lenzi fupi, ile unayopigia maarusi. Wanawake saba wameniomba, na Mama wa nane. Baba kasikia yote barazani. Jioni kaniambia kwamba Makorora kuna shangazi ambaye anaweza kunipa chumba, kama kuna mtu Tanga ana kazi ya kunipa. Kasema hivyo akitazama pembeni. Nadhani unapaswa kumwandikia tena, safari hii atajibu.

Nilipokuwa natafuta lile jicho nilimwambia Bi Saleha acheke kidogo, picha ipendeze. Alikataa. Alikaa wima, kakaza midomo, kama wanavyokaa kwako. Nikamwambia, "Bi Saleha, cheka basi."

Akasema, "Nipige hivi hivi. Ile ya kucheka ninayo."

Mpwa wako,
Fakhria